Nilivyoinunua Kamera ya Shuka Manyoni

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninawe mikono, na nilipomaliza nikaambiwa ninawe tena. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani na viatu vinavyobana, nikitegemea kupewa kamera nitembee nayo Singida mjini watu wanione. Badala yake Fundi Mkuu wa picha katika ofisi ya habari ya mkoa alinisimamisha kwenye karo, akaikagua mikono yangu kama mama mkwe anavyokagua unga.

"Umepaka nini?"

"Mafuta ya mgando, mzee."

"Picha haili mafuta. Nawa."

Ndivyo nilivyoanza. Kwa muda mrefu sikushika kamera hata moja. Kazi yangu ilikuwa chumba cha giza, yaani chumba kisichopitisha mwanga, chenye taa nyekundu moja ambayo karatasi ya picha haiioni. Ndani kulikuwa na sinia tatu. Ya kwanza ilikuwa na divelopa, dawa inayoitoa sura iliyojificha kwenye karatasi. Ya pili ilikuwa na maji yenye harufu ya siki, ya kuizuia ile dawa ya kwanza isiendelee kufanya kazi. Ya tatu ilikuwa na fiksa, inayoishika sura isikimbie ukifungua mlango. Nawaeleza vijana haya kwa sababu siku hizi ukitaja picha mtu anatoa simu mfukoni. Sisi picha tulikuwa tunaipika, na ukikosea chumvi inakwenda jalalani.

Fundi Mkuu alinipenda kwa sababu nilikuwa sichoki. Afisa Habari wa Mkoa hakunipenda kwa sababu nilikuwa nacheka. Yeye alikuwa mtu mrefu, suti ya mikono mifupi, kalamu tatu mfukoni, na aliamini kwamba picha ya serikali haiwi na mtu anayecheka. Mara ya kwanza niliyotumwa kupiga picha mwenyewe, kwenye uzinduzi wa kisima, nilirudi na picha ya akina mama waliokuwa wanamwagiana maji kwa furaha. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Naomi, kisima kiko wapi hapa?"

"Kiko nyuma yao, mzee."

"Basi wewe umepiga picha ya majirani zako. Rudi ukapige kisima."

Nikarudi nikapiga kisima. Ile ya akina mama Fundi Mkuu aliibandika ndani ya mlango wa chumba cha giza, mahali ambapo mkubwa hakuwa akiingia kwa kuogopa kuchafua suti.

Baadaye nilihamishiwa Manyoni kwa muda kumsaidia Afisa Habari wa Wilaya, bwana mpole aliyependa sana chai na hakupenda sana habari. Kazi ilikuwa kidogo, kwa hiyo jioni nilikuwa nazurura hadi stesheni kutazama treni. Hapo karibu na stesheni palikuwa na studio ndogo ya Mzee Athumani, chumba cha giza na nyumba yake viko nyuma, na hapo ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza ile kamera ambayo ilikuja kunilisha.

Watu wa Manyoni waliiita kamera ya shuka. Ilikuwa ya mbao nyekundu na shaba, imesimama juu ya miguu mitatu. Mbele ilikuwa na lenzi, nyuma ilikuwa na kioo chenye ukungu, na katikati palikuwa na mfuko wa ngozi wenye mikunjo unaovutika na kurudi kama kodiani. Mpigaji alijifunika shuka nyeusi kichwani ili aione sura iliyoangukia kwenye kioo. Akisharidhika, anafunika lenzi, anachomeka kaseti nyuma, yaani kibao chembamba kilichobeba filamu moja tu, anachomoa kifuniko cha kaseti, halafu ndipo anapofungua lenzi. Kila picha ina safari hiyo yote, kwa hiyo hakuna mtu anayepiga picha hovyo.

Mzee Athumani aliniona ninavyokodoa macho. Hakuwa msemaji. Akainua tu pembe ya shuka, nikaingiza kichwa. Lenzi huipindua sura, kwa hiyo nikaiona familia ya gadi wa treni imening'inia kichwa chini miguu juu, mpaka vifungo vya koti vinahesabika. Nikasahau adabu, nikapiga kelele, "Mungu wangu!" Familia ikacheka, picha ikaahirishwa. Tangu jioni ile niliitamani kamera hiyo kama wengine wanavyotamani ng'ombe wa jirani.

Nikarudishwa Singida, miaka ikapita, ikaja ruksa, serikali ikafungua biashara. Waliozaliwa baadaye hawajui neno hilo tulilitamkaje. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa redio, mitumba, saa za kila rangi. Ulikuwa wakati mtamu. Lakini ruksa iliyoleta vitu madukani ndiyo iliyopunguza watu maofisini, na ofisi yetu ikaguswa. Afisa Habari wa Mkoa aliniita, akavua miwani, na kwa mara ya kwanza nikamwona hajui pa kuweka mikono.

"Naomi, serikali inakushukuru sana."

"Inanishukuru mpaka lini, mzee?"

"Mpaka mwisho wa mwezi."

Nikakabidhi kamera ya ofisi. Mkanda wake ulikuwa umeniachia alama shingoni, na hiyo hawakuidai. Nikarudi Ilongero kwa mume wangu, Baba Tumaini, mwalimu wa shule ya msingi, nikashika jembe. Sina ugomvi na jembe, mtama wetu ulikuwa mzuri mwaka ule. Lakini nilikuwa nikiona uso wa mtu umepigwa na jua la asubuhi naumia kabisa, kwa sababu nilikuwa naiona picha na sina cha kuishikia.

Mjini nako kulikuwa kumejaa vijana wenye kamera ndogo za mkononi. Walizunguka kwenye harusi, filamu zao za rangi wanazituma kusafishwa mbali, picha zinarudi zina watu wenye macho mekundu. Kushindana nao ningeshindwa, maana hata kamera ndogo sikuwa nayo. Nikamwambia Baba Tumaini, "Hawa wanaweza harusi. Hawawezi ukoo." Picha ya ukoo mzima, au ya shule nzima, kwenye filamu ndogo kila mtu anakuwa na uso wa punje ya ulezi. Kamera ya shuka filamu yake ni kubwa kama kiganja na zaidi. Unailaza juu ya karatasi, unawasha taa kidogo, picha imetoka, huhitaji mashine ya kukuzia. Na kila mtu anajiona, hata aliyesimama nyuma kwa sababu hakualikwa.

Baba Tumaini alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa maneno machache ila mtamba aliyekuwa zizini alikuwa wake. "Ukisikia inauzwa," akasema, "tutaongea na mtamba."

Haikupita muda mrefu, kondakta wa basi akaniletea salamu kutoka Manyoni: Mzee Athumani anafunga studio, anahamia Tabora kwa binti yake. Mtamba akaenda mnadani Ilongero, nami nikaenda Manyoni na mtamba wangu amekunjwa ndani ya mkoba.

Nilipofika nikakuta nimetanguliwa. Ndani ya studio alisimama kijana mnene mchangamfu, kofia ya pama, anaigongagonga shaba ya kamera kwa kucha. Aliitwa Msengi, mfanyabiashara wa Shelui. Alikuwa ananunua vitu vya kale barabara nzima, taa za zamani, vyerehani, santuri, na kuvipeleka Arusha.

"Hii," akamwambia Mzee Athumani, "wageni wanaigombania, mzee. Wanaweka sebuleni."

"Wanapiga picha sebuleni?"

"Hawapigi. Wanaweka juu yake maua."

Nilimwona mzee alivyolipokea neno hilo. Akautoa mkono wa Msengi juu ya kamera taratibu, kama unavyotoa mkono wa mtoto kwenye sufuria. Lakini Msengi alikuwa na fedha za kumshinda mtamba wangu mbali sana, na mzee alikuwa anahama na mke, makochi na maradhi ya mgongo. Maua au si maua, fedha ilikuwa inahitajika. Nami nikajua kwamba kamera hii ikienda Arusha, mimi nakufa na jembe.

Aliyeokoa jahazi langu alikuwa Bi Mwajuma, mke wa mzee. Alikuwa anafunga vyombo kwenye kanga pembeni, akasema bila kuinua kichwa, "Mwambie habari ya picha yetu."

Mzee akakohoa. Ikatoka kwa kusukumwa. Alikuwa amepiga picha Manyoni nzima, mabwana stesheni, maharusi, watoto wa waliokuwa watoto. Lakini yeye na mkewe hawakuwa na picha hata moja wamekaa pamoja. Angepigwa na nani? Yeye ndiye aliyekuwa ndani ya shuka.

"Treni yetu ni kesho kutwa," akasema. "Huyu binti akitupiga picha kwa kamera hii, nikajiona mwenyewe, ataichukua kwa alichonacho. Akishindwa, wewe Msengi uichukue."

Msengi akacheka, akavuta kiti. "Mimi sina haraka, mzee. Manyoni pana nyama choma nzuri."

Sasa vijana wangu, nisikilizeni hapa, kwa sababu ununuzi wa kamera kuukuu ni kama ununuzi wa ng'ombe mnadani, hununui pembe. Shaba inayong'aa isikudanganye. Kwanza niliingiza tochi iliyowashwa ndani ya ule mfuko wa mikunjo, nikafunga mlango wa chumba cha giza, nikatazama nje yake. Mfuko mzima ukiwa mweusi, mshukuru Mungu. Wangu ulikuwa na nyota kwenye kona za mikunjo, na kila nyota ni tundu litakaloichoma picha. Halafu lenzi, niliipandisha kwenye mwanga. Ilikuwa na kuvu kidogo pembeni kama utando wa buibui, katikati ilikuwa safi, na katikati ndipo panapofanya kazi. Shata, ile milango midogo inayofunguka na kujifunga, ilikuwa imekwama kabisa, kwa hiyo lenzi ilifungwa na kufunguliwa kwa kifuniko cha mkono. Kaseti nilizinusa, maana iliyooza inanuka. Miguu mitatu niliikalia.

"Unaikalia?" Msengi akashangaa.

"Ikiniweza mimi, itaiweza kamera."

Kuziba matundu kulitaka kitambaa chepesi kisichopitisha mwanga. Nilikuwa natazama huku na huku, Bi Mwajuma akaenda chumbani akarudi na mwavuli wake mweusi na mkasi. Hakuniuliza. Akaukata. Nikatoka kwa fundi baiskeli kuomba solusheni, ile gundi ya kuzibia pancha, tukakaa sisi wawili mkekani tunabandika viraka kwenye mikunjo hadi adhuhuri. Nilipoingiza tochi tena, giza tupu. "Huo mwavuli," akaniambia, "alininunulia yeye tulipooana. Sasa nami nitaonekana pichani, nisiwe kivuli chake tu." Hapo nikajua kwamba kesi hii si yangu peke yangu.

Tatizo jingine lilikuwa filamu. Hazikuwepo, na duka lililokuwa likiziuza siku hizo liliuza saa. Mzee alikuwa na mabaki ya karatasi za picha kwenye boksi. Karatasi inaweza kukaa kwenye kaseti badala ya filamu, tulifanya hivyo ofisini tulipoishiwa. Ila ni mvivu wa kuona, inataka lenzi ikae wazi muda wa mtu na mtu kujuliana hali. Na kila picha hula karatasi mbili, moja ya kwenye kamera na nyingine ya kuitolea. Zilikuwa tatu tu: mbili za kujaribu mara mbili, na moja ya kutolea.

Asubuhi yake nikawaweka wazee mbele ya studio, upande wa kivuli, kila mmoja na kiti chake. Mzee Athumani kanzu nyeupe na koti, Bi Mwajuma kanga mpya doti nzima. Nikajifunika shuka. Hapo ndipo mzee asiyesema alipopata maneno.

"Mguu wa nyuma umezama! Inua! Sogeza kioo, bado! Hujafunga skrubu ya chini!"

"Mzee," Bi Mwajuma akamwambia, "leo wewe ni mteja. Tulia."

Akatulia. Nikachomeka kaseti, nikachomoa kifuniko chake, nikawaambia, "Sasa msitikisike hata kope." Nikafungua lenzi. Walikuwa wamekaa vizuri ajabu. Wakati huohuo, kwenye kona ya studio, akatokea Msengi anatoka kunywa supu, anachokonoa meno. Akawaona wazee. Akavua kofia, akainama kidogo kama alivyolelewa.

"Shikamoo mzee! Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwanangu!" wakajibu wote wawili, na vichwa wakavitikisa. "Umeamkaje? Umelala vizuri? Watu wa Shelui hawajambo?"

"Hawajambo, mzee. Na mgongo?"

"Mgongo tunamshukuru Mungu."

Nikafunga lenzi. Huko ndani ya chumba cha giza karatasi ilipotoka, viti vilikuwa vikali kabisa, kila ukingo umekatika vizuri, koti kali, kanga unaweza kuisoma. Juu ya shingo palikuwa na moshi. Vinywa wazi, nyuso zimefutika kama mtu amepitisha kiganja kwenye ubao. Nikatoka nje nimevimba.

"Umefanya makusudi! Umeona lenzi iko wazi!"

Msengi alijiona ameonewa kwelikweli, nilimwona usoni. "Dada, mimi lenzi naijulia wapi? Nimekutana na wazee wangu asubuhi. Ningepita kama mbuzi?"

Alikuwa na haki. Kwetu mtu anayepita wazee bila kuwaamkia hata mbwa wanamshangaa. Na mzee anayesikia shikamoo akanyamaza, watasema ana kinyongo au amekufa. Bi Mwajuma alikuwa ameishika ile karatasi iliyoharibika, mabega yanamcheza kwa kicheko. Mzee Athumani hakucheka. Aliniita kando.

"Hukuwaamkia wateja wako."

"Niliwaamkia, mzee, nilipofika."

"Ulituamkia ulipoingia ndani. Halafu ukajificha kwenye shuka, ukatoka. Anayetoka ndani ya shuka ni mgeni mpya. Mimi nikitoka, naamkia upya. Mtu akishaitikia, uso wake unakuwa hauna deni na mtu. Hapohapo ndipo unafungua."

Miaka yote ya ofisini hakuna mkubwa aliyewahi kuniambia hilo. Tulikuwa tunawaambia watu "tazama hapa," wanatazama kama waliokamatwa.

Lakini kuwaamkia mimi kusingezuia wapita njia, na asubuhi ile ilikuwa ya gulio. Nikamgeukia Msengi. "Kama hukufanya makusudi, nisaidie. Simama kwenye kona. Salamu zote zinazokuja hapa, zipokee wewe."

"Nizipokee? Mimi ndiye mshindani wako!"

"Ndiyo. Na ndiye uliyeziharibu nyuso za wazee."

Alinitazama, akawatazama wazee kwenye viti vyao. Akaivaa kofia. "Wanyaturu mna balaa," akasema, akaenda kwenye kona.

Sikuona alichofanya, nilikuwa ndani ya shuka, lakini nilimsikia. "Shikamoo ya mzee niachie mimi, yuko kazini! Ninyi wanafunzi, marahaba, piteni mbio! Askari, salamu zimefika!" Kisha ikasikika sauti ya bibi mmoja muuza karanga, mkubwa kuliko Msengi, mkubwa pengine kuliko wazee wangu, anataka lazima afike kumuaga rafiki yake Mwajuma. Huyo hazuiliwi. Nikamsikia Msengi anamwamkia kwa heshima zote, anamuuliza ya nyumbani, ya shamba, ya wajukuu mmoja mmoja, na bibi anajibu yote, hatua kwa hatua anakaribia. Mwishowe Msengi akasema kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa, "Bibi, hizi karanga zako nazichukua zote. Tua beseni tuzipime."

Nikatoka kwenye shuka. Nikasimama wima pembeni ya kamera.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yetu," wakasema.

Nikasubiri neno liwatoke kabisa midomoni. Nyuso zao zikakaa, zimelegea, zimefunguka, kama watu walioketi kwao. Nikafungua lenzi. Moyoni nikaanza salamu ndefu za kwetu, za watoto, za mifugo, za mvua, na zilipofika kwenye mvua nikafunga.

Mzee Athumani alisisitiza kuingia nami kwenye chumba cha giza. Tukasimama chini ya ile taa nyekundu, karatasi ya mwisho iko ndani ya divelopa, mimi natikisa sinia na kusali Kilutheri, yeye sijui anasali nini. Likaja koti. Ikaja kanga. Zikaja nyuso, moja ya mwanamke anayekaribia kutabasamu, na moja ya mwanaume mzee ambaye hajawahi kuonekana na mtu kwenye kioo chake mwenyewe. Akaiinamia sinia mpaka pua ikakaribia dawa.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye wewe, mzee."

"Basi nimezeeka vizuri," akasema. Akaikunja shuka nyeusi mara nne, akaniwekea mikononi. "Usiianike juani. Itapauka."

Nililia palepale, na sioni aibu kusema. Nilipotoka nje Msengi alikuwa amekaa juu ya jiwe na beseni la karanga, anakula kwa hasira. Akanikaribisha, tukala wote. Kesho yake yeye ndiye aliyebeba makochi ya wazee hadi kwenye treni. Bi Mwajuma alinivuta kwenye dirisha la behewa. "Ile iliyoharibika usiitupe. Ukipata karatasi nyingine, unitolee, unitumie. Usimwambie mzee, ataona haya." Nikashangaa, lakini mteja ni mteja. Karatasi zilipopatikana Dodoma niliitoa ile picha ya moshi, nikampa gadi wa treni aipeleke Tabora.

Kamera ile ilinisomeshea watoto. Nilizunguka nayo parokia, misikiti, shule, na koo za Ilongero, Ikungi na Iramba, watu wananiita Mama Shuka. Msengi akawa wakala wangu Shelui. Alinitafutia madereva wa malori waliotaka kupigwa picha na magari yao yote mbele na nyuma, na kazi yake ya kona akaendelea nayo, akawa hodari wa kupokea salamu za watu. Kitu kimoja tu hatukukiweza, ng'ombe. Koo nyingi zilitaka ng'ombe waonekane, na ng'ombe haamkiwi akatulia. Nina picha nyingi za wazee wakali kabisa mbele ya mawingu yenye pembe.

Miaka ilipita tena, binti yake Mzee Athumani akashuka Manyoni kwa shughuli zake, akafunga safari hadi Ilongero kunitafuta. Mzee alikuwa amefariki. Nikampa pole, nikamuuliza kama ile picha nzuri bado ipo. Ipo, akasema, iko ukutani sebuleni, kila mgeni anaisifu. "Lakini mama haitazami. Ana nyingine anaiweka chini ya mto, imeharibika, nyuso hazionekani. Tumemwambia tuitupe, anakataa. Anasema ile ya ukutani mzee amenyamaza, na kunyamaza alinyamaza maisha yake yote. Katika hii anazungumza na watu."

Magoti yalipokataa kuchuchumaa, niliamua kustaafu, na safari hii hapakuwa na mtu wa kunishukuru mpaka mwisho wa mwezi. Vijana wamenishauri niiweke kamera sebuleni. Nimewajibu kwamba mimi maua nayaweka kwenye chupa. Nimemuuzia binti mmoja wa Manyoni, mtundu, aliyeingiza tochi ndani ya mfuko bila kuambiwa na kunionyesha nyota mbili ambazo sikuwa nimeziona. Viraka vya mwavuli wa Bi Mwajuma vilikuwa bado vimeshika. Nilimpa sharti lilelile nililopewa mimi, atupige picha mimi na Baba Tumaini, maana nasi baada ya miaka yote hiyo hatukuwa nayo.

Tulikaa mbele ya nyumba. Alijifunika shuka, akatoka, akasimama wima. "Shikamooni," akasema. Tukaitikia. Akangoja, akafungua lenzi. Sikuwa na la kumfundisha.

Hapohapo kwenye njia ya kwenda kisimani akapita mke wa jirani na ndoo yake kichwani, akapunguza mwendo kama inavyompasa.

"Shikamoo, Mama Tumaini! Shikamoo, baba!"

Baba Tumaini alikaza uso, ameshaishi na mimi vya kutosha, anajua sheria. Na mimi lenzi nilikuwa naiona kabisa, iko wazi, inanitazama.

"Marahaba, mwanangu!" nikasema, na kichwa nikakitikisa.